Tufungulieni mafunzo kabla ya kutuita kazini: barua ya wazi kutoka Likoni

Likoni, Mombasa
8 Oktoba 2020

Kwa Mheshimiwa Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya. Kwa waheshimiwa magavana wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River na Taita Taveta. Na kwa kila anayesimamia vikundi vya kujitolea vya huduma ya kwanza na uokoaji hapa Pwani.

Waheshimiwa, pokeeni salamu zangu.

Wiki iliyopita Rais alisogeza kafyu ya korona hadi saa tano usiku, akafungua baa, akaruhusu harusi na mazishi yahudhuriwe na watu 200. Juzi Waziri wa Elimu, Profesa Magoha, naye akatangaza kwamba wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne warudi shuleni Jumatatu ijayo, tarehe 12. Ni habari njema na sina haja ya kuzitia doa. Ila tangu Jumatatu ile nimekuwa nikifuatilia kila taarifa mwanzo hadi mwisho, nikingoja wafike kwa wale watu wa kujitolea wanaomfikia majeruhi kabla ya ambulensi. Hawakufika. Baa zimetajwa, sisi hatukutajwa.

Nieleze ninaowasemea. Ni wapiga mbizi wanaoamshwa usiku mtu akitumbukia kwenye kivuko. Ni vijana wa ufuoni ambao hakuna aliyewaajiri kuwa waokoaji lakini ndio wanaojitosa majini mgeni akibebwa na mkondo. Ni dereva wa boda boda aliyefundishwa kuzuia damu, na ni mama wa mtaani mwenye sanduku la huduma ya kwanza chini ya kitanda, ambaye jirani akiungua mafuta ya moto mlango unaogongwa ni wake. Wengi wao hawapati hata senti. Wakibahatika, hupewa nauli na chai. Mimi ni mkufunzi wao. Kazi yangu ni kuwafundisha namna ya kuzitumia dakika kumi za kwanza, kisha kuwarudisha mazoezini mara kwa mara ili mikono isisahau.

Mafunzo hayo yalisimamishwa katikati ya Machi, siku chache baada ya wewe, Mheshimiwa Waziri, kututangazia mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13. Hakuna aliyelalamika. Ulituambia tukiendelea kuishi kikawaida, ugonjwa huu utatutendea yasiyo ya kawaida, nasi tukasikia. Tulifungia wanasesere wa mazoezi stoo, tukaambizana tutaonana mambo yakitulia. Ni mwezi wa saba sasa.

Sasa naona dalili kwamba huduma itarudishwa, rasmi au kimyakimya. Desemba yaja na Pwani itajaa. Watu wa bara ambao hawajaona bahari tangu mwaka jana watateremka kwa treni, kwa basi na kwa magari yao. Simu zitaanza kulia: tupeni vijana wawili hapa, watatu pale. Vijana watakwenda, kwa sababu hawajui kukataa.

Ombi langu kwenu ni kwamba mpange mambo kwa utaratibu huu: mafunzo yarudi kwanza, kazi ifuate. Najua wengi mtaona ni kinyume. Kazi ndiyo ya dharura, mtasema; darasa ni mkusanyiko, na mkusanyiko unaweza kungoja hadi korona iishe. Hesabu hiyo, hasa kwa sisi tunaoishi kando ya maji, itaua watu, na nitaeleza jinsi itakavyowaua.

Wanaofundisha huduma ya kwanza wanajua kwamba ustadi wa kufufua mtu huanza kushuka miezi mitatu hadi sita baada ya mafunzo. Cheti kitakuwa bado kiko hai ukutani, lakini kina cha kukandamiza kifua kimepungua, kasi imepotea, na mtu anasahau kukiachilia kifua kirudi juu kabla ya kukikandamiza tena. Hilo hutokea hata mwaka wa kawaida. Mwaka huu, juu ya kusahau ya zamani, kuna mapya ambayo watu wetu hawajawahi kuyafanya kwa mikono yao hata mara moja. Wameyasikia tu, tena nusunusu.

Mwezi wa Aprili mashirika ya kimataifa yanayoandika kanuni za ufufuaji yalitoa mwongozo wa muda kwa ajili ya korona. Kwa raia wa kawaida anayemkuta mtu mzima ameanguka na hapumui, ujumbe ni huu: usimwinamie usoni kusikiliza pumzi, mfunike mdomo na pua kwa barakoa au kitambaa, ita msaada, kandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, na usimpulizie hewa. Ni mwongozo wa busara. Mtu mzima ambaye moyo wake umesimama ghafla, tuseme mzee aliyeshika kifua akaanguka sokoni Kongowea, damu yake bado ina oksijeni. Ukiisukuma hiyo damu kwa mikono, itamfaa kwa dakika kadhaa hata kama humpulizii kitu.

Aliyezama ana shida tofauti. Moyo wake haukuwa wa kwanza kusimama. Kilichokatika kwanza ni pumzi, oksijeni ikaisha damuni, na moyo ukafuata baadaye. Ukimkandamiza kifua bila kumpa hewa, unazungusha damu isiyobeba kitu. Tena wengi wanaotolewa majini mapema mapigo yao huwa bado yapo, dhaifu, na pumzi chache za haraka zinatosha kuwarudisha. Ndiyo maana kanuni tunazofundisha waokoaji wa majini zinataka mtu aanze na pumzi tano kabla ya kugusa kifua. Hata ule mwongozo wa Aprili haukuwasahau watoto: ulikiri kwamba mtoto akisimama moyo, mara nyingi chanzo ni kukosa hewa, na kwamba pumzi zina thamani kwake kuliko kwa mtu mzima.

Lakini kilichofika Likoni, Shelly, Mtwapa na Malindi si mwongozo. Kilichofika ni picha moja ya WhatsApp yenye mtu aliyefunikwa uso na maandishi mekundu yanayokataza kupulizia. Imezunguka kwenye kila kundi. Majuzi nilipowapigia wanafunzi wangu wa zamani, nikawauliza wangefanya nini kwa mtoto wa miaka sita aliyetolewa majini hapumui, karibu wote walinijibu kwa maneno ya ile picha. Sikuwalaumu. Ni maagizo ya mwisho waliyoyapata, na yalikuja na nembo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu 320,000 walikufa maji duniani, zaidi ya tisa kwa kila kumi wakiwa katika nchi kama yetu. Sisi tunazijua zile ajali kubwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Mwaka jana tarehe 29 Septemba gari la mama na bintiye liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee hapa kwetu, na ikachukua siku 13 kuwatoa. Mwaka mmoja umetimia wiki iliyopita. (Zilitolewa ahadi nyingi wakati ule, leo siko hapo.) Lakini kwa kila msiba wa namna hiyo unaofika redioni kuna mingine isiyofika popote: mtoto aliyekwenda kuogelea kwenye hori, mvuvi wa ngalawa, kijana wa bara aliyedhani bahari ni kama bwawa la hoteli. Wengi wa hao hufa watu wakiwaona, tena kuna aliyewafikia. Tofauti ni kama aliyewafikia alijua la kufanya.

Basi je, nawaomba mruhusu watu wapulize mdomo kwa mdomo katikati ya korona? Siwaombi hivyo. Mzazi atampulizia mwanawe bila kutuuliza, na ni haki yake, wanaishi nyumba moja na hewa yao ni moja. Lakini siwezi kumwambia kijana wa miaka ishirini anayelala chumba kimoja na nyanya yake aweke mdomo juu ya mdomo wa mtu asiyemjua. Kuna njia ya katikati, nayo inajulikana: ule mfuko wa kusukuma hewa ambao wauguzi huuita ambu, wenye barakoa ya kuzibia mdomo na pua, na kati ya barakoa na mfuko kikawekwa kichujio cha kuzuia virusi. Mtu mmoja anashika barakoa kwa mikono yote miwili aizibe vizuri usoni. Wa pili anakandamiza kifua, akifika zamu ya pumzi anabinya mfuko. Hewa inaingia, na kinachotoka kinapita kwenye kichujio.

Ukiisoma unaiona rahisi. Mpe mtu ambaye hajawahi kushika ambu uone. Hewa huvujia mashavuni. Shingo haikuinuliwa vya kutosha, basi hewa inakwenda tumboni na matapishi yanarudi. Anayebinya ana hofu, anabinya kwa nguvu na kwa haraka mno. Mwenzake amesahau kusimamisha mikono. Kwa mwanasesere makosa hayo huisha baada ya asubuhi moja ya mazoezi. Kwa mtoto wa mtu hakuna asubuhi ya mazoezi. Na hili, Waheshimiwa, ndilo lisilofundishika kwa Zoom. Nimejaribu kila kinachofundishika kwa simu, na kipo kingi, nitakisema baadaye. Lakini kuziba barakoa usoni ni jambo la vidole.

Halafu kuna bahari yenyewe, ambayo sidhani aliyeandika mwongozo aliifikiria. Mwokoaji akiingia majini hawezi kuvaa barakoa. Ikilowa inamziba pumzi na haichuji tena chochote. Kwa hiyo atatoka kifua kikimpaa, anahema mdomo wazi, amemkumbatia mtu ambaye naye ametapika maji. Huyo asiwe ndiye anayeendelea kufufua. Kazi inapaswa kugawanywa tangu mwanzo: mmoja anaogelea, na nchi kavu wako wawili ambao tayari wamevaa glavu, miwani na barakoa kavu iliyokuwa ndani ya mfuko usioingia maji. Wanapokea, yule wa kwanza anarudi nyuma, ananawa, anapumzika. Mpango huu ni mzuri sana kwenye karatasi, lakini mwili wa mwokoaji unaukataa. Mtu aliyemtoa mwenzake majini hataki kumwachia mtu mwingine. Lazima afanye mazoezi ya kumwachia, tena na tena, hadi izoeleke.

Na joto. Aliyeagiza aproni za plastiki na magauni ya mikono mirefu kwa kila mhudumu hakuwahi kuyavaa saa saba mchana kwenye mchanga wa Likoni. Baada ya dakika kadhaa za kukandamiza kifua ndani ya plastiki, wa kufufuliwa wanakuwa wawili. Tunahitaji kujua mapema nani abadilishane na nani, baada ya muda gani, na kivuli kiko wapi. Haya nayo hujulikana mazoezini, si siku ya msiba.

Nimetumia nafasi kubwa kwa aliyezama kwa sababu ndiye anayenikosesha usingizi. Mambo mengine ni mepesi zaidi. Mwenye jeraha linalovuja damu anaweza kusaidiwa na mtu mwenye glavu na barakoa bila shida kubwa. Aliyevunjika mguu anaweza kusubiri. Aliyeungua anahitaji maji safi na upole. Hapo maarifa ya zamani bado yanafaa, ukiongeza kunawa na kumvisha majeruhi barakoa kama anapumua vizuri.

Kuna mliotuambia kwamba watu wetu hawakuwa wamekaa bure, kwa hiyo hawajasahau. Ni kweli hawakukaa bure. Mvua za masika zilipoua zaidi ya watu 200 nchini, na Mto Tana ukavunja kingo, watu wa kujitolea walikuwa kwenye mitumbwi. Wengine waligeuzwa walinzi wa ndoo na kipimajoto milangoni. Wengine walitembea nyumba kwa nyumba wakieleza habari za barakoa. Walifanya kazi muhimu na naiheshimu. Lakini kumpima mtu joto la paji la uso kwa miezi sita hakumfundishi mtu kuziba ambu.

Pingamizi la pili nalichukulia kwa uzito zaidi: mafunzo yenyewe yanaweza kueneza virusi. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Watu ishirini chumba kimoja, feni moja, wanasesere wawili, kila mmoja anaweka mdomo pale alipoweka mwenzake baada ya kupangusa kidogo kwa pamba. Darasa la namna hiyo lisirudi, hata korona ikiisha. Ninaloomba lina sura nyingine. Nadharia yote tuifanye kwa simu: sauti fupi za WhatsApp, video chache, maswali jioni. Mtu afike mazoezini akiwa ameshajua kwa nini. Abaki kufundishwa vipi. Vikundi viwe vya watu sita, wale wale kila mara, wanaotoka mtaa mmoja na watakaofanya kazi pamoja, ili hata mmoja akiugua tujue mara moja ni nani wa kufuatiliwa. Tukutane nje, asubuhi, chini ya miembe au kwenye uwanja wa shule siku ya Jumamosi, mita moja na nusu kati ya mtu na mtu, barakoa usoni. Kila mwanafunzi awe na mwanasesere wake hadi mwisho wa kipindi. Mdomo wa mtu usimguse kabisa, hewa itoke kwenye ambu tu. Kipindi kikiisha sura zifutwe kwa spiriti ya asilimia 70, mapafu ya plastiki yabadilishwe, na vinavyooshwa vioshwe kwa maji ya Jik, sehemu moja kwa sita za maji. Jina na simu ya kila aliyekuja viandikwe.

Wanasesere wakikosekana, kifua kinaweza kufanyiwa mazoezi nyumbani juu ya mto mgumu uliojazwa makumbi. Nimeona watu wakifanya hivyo, na si haba. Ambu ndiyo isiyo na mbadala.

Linganisheni darasa hilo na harusi ya watu 200 mliyoiruhusu wiki iliyopita, na pilau yake, na ngoma yake. Siikatai harusi. Nauliza tu ni kwa kipimo gani watu sita chini ya mwembe wamekuwa hatari zaidi.

Wapo wakufunzi wenzangu wasiopaswa kuja uwanjani kabisa kwa sasa. Wengi wetu tumeanza kazi hii zamani, umri umekwenda, na sukari na presha zimepiga hodi. Serikali yenyewe iliwaambia wafanyakazi wake wenye miaka 58 na zaidi wafanyie kazi nyumbani. Wakufunzi hao wapewe nadharia ya simu, vijana waliowafundisha washike uwanja. Asiyetaka kurudi sasa, kwa sababu yoyote ile, asiulizwe mara mbili na asifutwe kwenye orodha. Chanjo bado iko majaribioni. Hatuwezi kumwambia mtu afanye haraka kwa kitu ambacho hakipo.

Sasa vifaa. Najua neno hilo limechafuka tangu Agosti, nchi ilipoanza kuuliza habari za KEMSA, shirika la serikali linalonunua dawa na vifaa vya hospitali, na Rais akaagiza uchunguzi umalizike ndani ya siku 21. Kwa hiyo siombi pesa, na nawasihi msimpe mtu yeyote pesa kwa jina letu. Toeni vifaa vyenyewe. Kila kituo cha ufuo na kila upande wa kivuko kiwe na ambu mbili, ya mtu mzima na ya mtoto, vichujio vya kutosha kubadilisha kila baada ya mtu mmoja, glavu, miwani, barakoa za hospitali, ndoo yenye bomba na sabuni. Orodha ibandikwe ukutani mwa zahanati ya karibu, yeyote apite asome kilicholetwa na kilichotumika. Mavolantia wasipopewa vifaa hivi, waambiwe waziwazi kwamba hawatarajiwi kufufua waliozama, ili lawama isije ikawaangukia wao.

Nije kwenye kinga ya wanaotoa kinga. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini ya mwaka 2007 iliandikwa kwa ajili ya mwajiriwa, na mtu wa kujitolea si mwajiriwa wa mtu. Akiambukizwa akimhudumia majeruhi, ni shauri lake. Mwanzoni mwa janga hili aliyewekwa karantini alitakiwa kuilipia mwenyewe, na nyote mnajua matokeo yake: watu wakakwepa kupimwa, na Mei, Mji wa Kale ulipofungwa, wengi walikataa kujitokeza. Hofu hiyo bado imo vifuani. Nina mwanafunzi mmoja, kijana shupavu, aliyeniambia hataki kurudi kwa sababu kupoteza siku 14 za kibarua ni kupoteza kodi ya nyumba. Haogopi kufa. Anaogopa mwenye nyumba. Mtu aliyegusana na mgonjwa akiwa kazini kwenu apimwe bure, matokeo yaje upesi, na kama lazima ajitenge, kaunti imlishe yeye na nyumba yake kwa siku hizo. Hilo haliwezi kuwa ghali kuliko mazishi.

Na kitambulisho. Saa za kafyu waliokuwa salama barabarani ni wale wenye beji ya mwajiri. Mpiga mbizi wa mtaani hana mwajiri, na yeye ndiye anayeitwa saa nane za usiku. Watu wa Likoni hawajasahau jioni ya 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, polisi walipotumia marungu na mabomu ya machozi kwa abiria waliokuwa wanakimbilia kuvuka kabla ya saa moja. Baada ya siku ile, ukimwambia kijana atoke usiku akamwokoe mtu, anakuuliza kwanza nani atamwokoa yeye. Kafyu bado ipo. Kila aliyemaliza mafunzo mapya apewe kadi yenye picha, sahihi ya kaunti na namba ya afisa anayeweza kupigiwa usiku huo huo, na vituo vya polisi vipewe orodha hiyo. Kadi ifungwe na mafunzo: asiyehudhuria asipewe. Hapo hata wavivu watakuja.

Nani aamue? Hapa ndipo barua nyingi hupotelea. Nimezoea kuambiwa kaunti kwamba ni jambo la wizara, na wizarani kwamba afya imegatuliwa. Basi nitumie Katiba. Kifungu cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inasema matibabu hayo yanajumuisha huduma ya kabla ya kufika hospitali. Jedwali la Nne la Katiba linaweka huduma za ambulensi, zima moto na kukabili maafa mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, kwako tunaomba mwongozo wa maandishi, kwa Kiswahili, wenye aya ya peke yake juu ya aliyezama na juu ya mtoto, uchukue nafasi ya ile picha. Kurasa mbili zinatosha. Kwenu waheshimiwa magavana tunaomba ruhusa ya mafunzo ya watu sita sita, vifaa, upimaji na kadi. Hakuna mmoja wenu anayehitaji kumngoja mwenzake. Mwongozo ukichelewa, tutaanza na mafunzo. Ruhusa ikichelewa kaunti moja, nyingine ianze.

Muda ni mfupi kuliko unavyoonekana. Kikundi kimoja kinahitaji Jumamosi tatu au nne ili kiaminike. Mkitoa ruhusa kabla ya Siku ya Mashujaa, tarehe 20, vikundi vya Mombasa na Kwale vinaweza kuwa tayari mwishoni mwa Novemba, na vya Kilifi na Lamu vikifuatia kabla ya wageni wa Krismasi. Mkitoa Desemba, mtakuwa mmewaruhusu watu waende kazini wakiwa na maarifa ya Februari.

Nasi hatutaki kukaa tukingoja tu. Majina ya waliokubali kurudi tunayo, na wasiokubali pia. Nadharia ya simu tumeshaanza kuirekodi, kwa Kiswahili na kwa Kidigo. Wanasesere tuliowafungia stoo wametolewa, wakaoshwa, wakaanikwa. Viwanja viwili tumeahidiwa, kimoja na msikiti, kingine na kanisa. Kinachokosekana ni karatasi yenye muhuri wenu, ambu na vichujio.

Nitashukuru kupata jibu la maandishi, hata likiwa ni la kukataa, ili niwaeleze wanaoniuliza kila siku.

Wenu mtiifu,
Mkufunzi wa huduma ya kwanza wa kujitolea,
Likoni